Pedali Mbili, Mguu Mmoja

Sikuwa nimekanyaga mtaa wa Kiwanjani kwa miaka mingi, na kilichonirudisha ni kifo cha Bashir. Nilifika mjini Isiolo vumbi la barabara ya Kinna likiwa bado kwenye buibui langu, nikaenda moja kwa moja nyumba ya tanzia, na kabla sijafika upande wa kina mama ilinibidi nipite kando ya turubai la wanaume. Mmoja wao, mtu mzima wa ndevu za hina ambaye sikumjua, alikuwa akiwaeleza vijana habari za marehemu. "Bashir alikuwa na huruma ya ajabu," alisema. "Aliporudi kutoka Uingereza alikuja na zile ndege za kompyuta, akafundisha vijana wa hapa bure. Mpaka kulikuwa na kiwete mmoja, msichana tu, alikuwa anamwachia akae kwa kiti ajisikie kama wengine." Vijana wakatikisa vichwa, wakasema mashallah. Mimi nikapita na fimbo yangu mchangani, na wakanipisha kwa adabu kubwa.

Ajisikie kama wengine. Nimeishi na maneno hayo tangu siku ile. Nayakuta kwenye chai ya asubuhi, nayakuta ninaposahihisha vitabu vya wanafunzi. Najua tumefundishwa kumtaja maiti kwa mema, maana hana tena mdomo wa kujitetea. Lakini chini ya turubai lile hakusemwa Bashir. Nilisemwa mimi, na mimi sijafa, na mdomo ninao. Kwa hiyo nitaueleza mwaka ule jinsi ulivyokuwa, na atakayeudhika na audhike.

Habari za kwetu sitazieleza. Yatosha kujua kwamba nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nimekaa nyumbani, kwamba mguu wangu wa kushoto ulipooza kwa polio nikiwa mtoto, na kwamba kila alasiri nilikuwa nikipeleka maziwa ya ngamia kwa Mama Sahra, mamake Bashir. Nyumba yao ilikuwa ya mawe, vyumba vitatu kwa safu, na kile cha mwisho kilikuwa stoo ya ngozi enzi za mumewe. Siku za joto kuta zake bado zilitoa harufu ya chumvi na ngozi. Humo ndimo Bashir alimoweka kompyuta mbili juu ya mlango wa zamani uliolazwa juu ya mapipa. Dirisha alilifunika blanketi ili jua lisiue skrini, na sakafuni alipigilia ubao wenye pedali alizokuja nazo kutoka Uingereza zikiwa zimefungwa ndani ya jaketi lake. Kati ya chumba hicho na jiko hapakuwa na mlango, palikuwa na pazia la maua. Upande mmoja wa pazia vijana walikuwa wakianguka na ndege. Upande wa pili Mama Sahra akimwaga chapati laini za anjera kwenye kikaango, na harufu ya iliki na maziwa yanayochemka ikivuka kwenda kwao, na matusi yao ya Sheng yakivuka kuja kwetu.

Ndege walizorusha zilikuwa za vita vya zamani, zile za propela moja mbele na gurudumu dogo nyuma. Majina yake ya kizungu hakuna aliyejali kuyakariri. Kulikuwa na Mwingereza, Mmarekani na Mjerumani, na mtu aliweza kutoka mle akitangaza barabarani kwamba leo Mjerumani amemuua mara nne. Ndege hizo si kama za leo. Injini ni kubwa mno kwa mwili wake, na propela ikizunguka kwa nguvu pua inavutwa upande mmoja. Ukiongeza mafuta bila kukanyaga, inatoka njiani na kuzunguka kama ndama kwenye kamba, bawa linagusa chini, basi. Kinachoizuia ni lile bawa la wima lililoko mkiani, linaloongozwa kwa pedali za miguu. Tuliliita mkia. "Mpe mkia," Bashir alikuwa akisema, tena na tena, kwa ile sauti yake ya mtu aliyekaa sana ugenini. "Mpe mkia, usingoje ageuke." Halafu kulikuwa na trimu. Kwenye ndege halisi trimu ni kigurudumu kidogo kando ya rubani. Ukikizungusha, mkia unalala kidogo upande unaoutaka na kubaki hapo, mguu wako upumzike. Kwenye kompyuta ilikuwa ni vitufe viwili vya kibodi, na Bashir alikuwa amevibandika plasta ya kidonda ili vidole vivipate bila macho kutoka kwenye skrini. Vijana walikuwa hawaigusi trimu. Walipenda kupigana na ndege kwa miguu, jasho liwatoke, waonekane.

Siku niliyoomba kujaribu, walicheka. Bashir hakucheka. Alinipisha kiti, nikaanguka. Nikajaribu tena, nikaanguka tena. Na sitaki mtu afikiri nilikuwa na kipaji cha ajabu, kwa sababu nilianguka wiki nzima. Mwisho wa wiki ile Bashir alichuchumaa kando ya kiti akaniuliza jambo ambalo hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza maishani. Watu walikuwa wameuliza kilichonipata. Walikuwa wameuliza kama inauma, na kama kuna mtu atanioa. Yeye aliuliza, "Huu mguu unaweza nini, na hauwezi nini?"

"Unaweza kukaa hapo," nikamwambia. "Kusukuma hausukumi."

"Na wa kulia?"

"Wa kulia una nguvu ya miwili."

"Basi Mwingereza ni wako. Yeye anavuta kushoto wakati wa kuruka, anataka mguu wa kulia tu." Akautazama ubao wa pedali. "Lakini ukishuka kwa kasi atageuka aanze kuvuta kulia. Hapo utataka wa kushoto."

Akalala chini, akaingia chini ya meza mpaka mabega, akaanza kusukuma pedali kwa mkono. Nikamsikia akiongea peke yake huko chini. "Zimeungana. Hii ikienda, hii inarudi. Kwa hivyo ukivuta ya kulia, umekanyaga ya kushoto." Akatoka na vumbi kwenye nywele, akaenda kwa mziba pancha ng'ambo ya barabara, akarudi na kipande cha tyubu. Alikifunga kwenye pedali ya kulia kama kiatu kisicho na soli. Nikaingiza mguu wangu, nikasukuma, mkia ukaenda kulia. Nikavuta, ukaenda kushoto. Mguu mmoja, pedali zote mbili. Nilivuta na kusukuma nikitazama kile kimkia kwenye skrini kikinisikiliza, mpaka Mama Sahra akaita kwamba maziwa yake yako wapi.

Nimeeleza hayo kwa urefu ili ijulikane kwamba simnyimi Bashir haki yake. Alikuwa mwalimu. Huruma iko wapi katika hayo? Mtu mwenye huruma angeniwekea ule mpangilio unaoifanya kompyuta ikanyage kwa niaba yako, na ulikuwepo, na vijana wawili walikuwa wakiuwasha kwa siri. Bashir aliuzima kwenye mashine zote mbili akasema atakayeuwasha hatarudi mle.

Miezi iliyofuata nilijifunza kazi ambayo wale wenye miguu miwili hawakulazimika kuijua. Kwa kuwa kuvuta kulinichosha kuliko kusukuma, niliitegemea trimu, na kwa kuitegemea nikaisoma. Kabla ya kuishusha ndege nilikuwa nimeshaanza kubonyeza plasta, kidogo, kidogo, mbele ya kasi, ili kasi inapofika mkia uwe umeshalala mahali pake. Kuna kishale mbele ya rubani kinachoonyesha ndege inapoteleza upande. Cha kwangu kilikuwa kimetulia katikati kana kwamba kimechorwa. Na ndege isiyoteleza risasi zake huenda pua ilikoelekea. Kinoti, kijana wa Kimeru aliyekuwa bora mle ndani kabla yangu, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuligundua hilo, kwa kuuawa. "Wewe unapiga aje hivyo na hata husongi?" aliniuliza, na nilipomwonyesha akavuta kibao akaketi, akanitazama vidole alasiri nzima. Kinoti hakuwa mtu wa kuona haya kujifunza. Kumbukumbu yangu nzuri ya mwaka ule ni sisi wawili tukila anjera na nyirinyiri, ile nyama kavu ya kukaangwa, kutoka sahani moja, mikono ikinuka samli, tukibishana kama Mmarekani anahitaji trimu ya mbawa au ni uvivu wa rubani.

Kisha nikamtaka Mwingereza wa pili. Huyo alitengenezwa mwishoni mwa vita, akapewa injini kubwa zaidi ambayo propela yake inazunguka kinyume, kwa hiyo anavuta kulia, na anavuta kwa hasira. Kuruka naye ni kazi ya mguu wa kushoto. Bashir aliniambia nimwache. Sikumwacha. Niliweka trimu yote kushoto kabla gurudumu halijasogea, nikafungua mafuta polepole mno, nikavuta tyubu ile mpaka paja likatetemeka, na wiki baada ya wiki aliniingiza vichakani. Siku moja nikiwa katika hali hiyo nilisikia mazungumzo ya jikoni. Jirani mmoja alikuwa akimwambia Mama Sahra kwamba msichana wa maziwa anakaa sana huko ndani.

"Pazia liko wazi," Mama Sahra akajibu. "Nawaona wote."

"Sisemi hiyo. Nasema na ule mguu, anatafuta nini huko?"

"Chenye wengine wanatafuta. Nipe hiyo unga."

Siku hiyo Mwingereza wa pili aliruka. Aliyumba, lakini aliruka, na niliona mabati ya bandia ya kiwanja cha bandia yakipita chini yangu nikacheka peke yangu. Bashir alisimama nyuma ya kiti. "Sasa unaruka kuliko mimi," alisema kwa utulivu, kama mtu anayetaja bei ya sukari. Nakumbuka alivyosimama. Nakumbuka kwa sababu baadaye nilihitaji kuwa na uhakika kwamba aliyasema.

Mwishoni mwa mwaka wakaja wageni. Kulikuwa na chuo kimoja cha urubani karibu na Nairobi ambacho mwenyewe, tuliyemwita Kapteni tu, alikuwa na ndege mbili za mafunzo za zamani, za gurudumu la nyuma, za kuendeshwa kwa miguu kama zetu. Alikuwa amesikia habari za chumba cha Bashir kutoka kwa mtu aliyesafiri naye. Akatuma ujumbe kwamba atapita Isiolo na msaidizi wake, ataangalia vijana wakirusha, na atakaowapenda atawachukua kwa likizo nzima, wafunzwe, wapandishwe ndege ya kweli. Wiki ile hakuna aliyekula vizuri. Bashir alipanga zamu zetu mwenyewe, akaniambia mbele ya wote, "Wewe utaruka wa mwisho. Na yule wa pili. Nataka waondoke wakiwa na picha hiyo."

Mama Sahra alipika wali na nyama ya mbuzi, akaweka ndizi kando. Wageni waliketi kwenye mkeka chumbani mle, vijana wakawazunguka, na mimi nilikuwa jikoni kwa kuwa ndimi niliyekuwa nikimsaidia kupakua. Sikuona ubaya, zamu yangu ilikuwa bado. Kapteni alikuwa mnene, mcheshi, mwenye kula kwa furaha. "Shida ya wanafunzi wangu," nilimsikia, "miguu imelala. Wamezoea ndege za kisasa, hazidai kitu. Nataka watu wenye miguu." Wakacheka. Nikainua pazia kuingia na chupa ya chai, akaniona nikichechemea, akauliza, "Na huyu binti, naye yuko kwa klabu?"

Bashir hakunitazama. Alikuwa akimenya ndizi. "Huyo? Huyo anatuletea maziwa. Anamsaidia mama na chai."

Niliiweka chupa chini kwa sababu ilikuwa imejaa. Kinoti alikuwa akinitazama. Kisha akatazama sahani yake. Nikarudi jikoni. Mama Sahra alikuwa ameshika mwiko hewani, na kwa uso wake nilijua amesikia, lakini hakusema neno. Nilisimama nyuma ya pazia lile nikasikia vijana wakirusha mmoja baada ya mwingine. Mmoja alipinduka wakati wa kuruka. Mwingine alifika juu akateleza angani kama mlevi. Kinoti aliruka vizuri, na nilisikia akibonyeza plasta, kidogo, kidogo, mbele ya kasi, jinsi nilivyomfunza. Kapteni akapiga makofi. Kisha nikasikia viti vinasukumwa na Bashir anasema, "Basi ni hao, Kapteni." Nikainua pazia nikaingia.

"Bado mimi," nikasema.

Kapteni akamgeukia Bashir. "Naye hurusha?"

"Hucheza kidogo tu, wakati wengine wamepumzika."

"Uliniambia niruke wa mwisho," nikamwambia Bashir. "Uliniambia mbele ya hawa wote."

"Nuria, aamus," akasema chini chini kwa Kisomali, ninyamaze. "Usinitie aibu mbele ya wageni."

Kapteni akautazama mguu wangu, si kwa ubaya, na hilo ndilo linalonikera mpaka leo: alikuwa na uso wa mtu mwema. "Binti yangu," akasema, "hatutaki uumie."

"Niumizwe na nini?" nikamuuliza. "Hii ni kompyuta."

Ningependa msomaji akae kidogo na hilo. Kilikuwa kiti cha plastiki, ubao, pedali na skrini. Vijana walikuwa wamekufa mle mara elfu wakainuka kwenda kula. Ndege zile hazikuwahi kumuua hata nzi. Na mtu mzima, aliyesoma, aliyezunguka dunia, akaona hatari ikinijia mimi peke yangu kutoka kwenye picha. Nimekutana na huruma ya namna hiyo mara nyingi tangu hapo. Nilipotaka leseni ya gari, mtu mwingine aliniambia hataki niumie. Nilipoomba kufundisha maabara, mwingine. Wote walikuwa na nyuso njema. Sijawahi kumsikia mmoja wao akiuliza mguu unaweza nini na hauwezi nini.

Niliketi. Nikaingiza mguu wa kulia kwenye tyubu, na msaidizi wa Kapteni akainama kutazama akasema kumbe amefungwa. Nikachagua Mwingereza wa pili. Nikaweka trimu yote kushoto, nikafungua mafuta polepole, nikavuta. Aliondoka sawasawa, kwenye mstari, bila kuyumba hata mara moja. Sijawahi kumrusha vizuri vile kabla wala baada, na nadhani ilikuwa ni ghadhabu. Nikampandisha, nikamgeuza, nikamshusha kwa kasi na kishale kikiwa kimekufa katikati, nikamrudisha kiwanjani na kumweka chini kwa magurudumu matatu pamoja. Nikazima injini. Hakuna aliyepiga makofi. Walikuwa wakimngoja Kapteni.

"Vizuri," akasema. "Vizuri sana, kwa hali yako." Kisha akawageukia vijana, kwa sauti ya mafunzo. "Lakini mmeona alichofanya? Trimu ndiyo imefanya kazi. Ameitumia kama mkongojo. Mkongojo ukiondoka, hana kitu." Akacheka kidogo kuonyesha kwamba hana nia mbaya. Na Bashir, aliyebandika plasta zile kwa mikono yake, aliyelala chini ya meza ile, aliyewakemea vijana miezi yote kwa kutoigusa trimu, akacheka pamoja naye.

Kapteni alinishika bega akaniombea baraka, akasema niendelee kuwatia wengine moyo. Akawachukua Kinoti na mwingine, mmoja wa wale waliokuwa wakiwasha ule mpangilio kwa siri.

Sikurudi mle kwa siku kadhaa. Niliporudi nilimkuta Bashir peke yake akifuta skrini kwa kitambaa. Nilimuuliza kwa nini. "Wangejua kabla kwamba nawe ni wa klabu," akasema akiendelea kufuta, "wangefikiri hiki ni chumba cha msaada, cha kuwaliwaza watu. Wasingewatazama wale wengine kwa makini. Nilifikiria vijana."

"Na mimi nilikuwa nani?"

"Wewe uko na hiki chumba. Njoo saa yoyote. Nani atakuzuia?"

"Na kucheka?"

Akaniuliza kama nitakunywa chai. Nikamwambia chai anaweza kujitengenezea, nikachukua fimbo yangu nikatoka. Kuanzia siku hiyo maziwa yalipelekwa na ndugu yangu.

Kinoti aliporudi kutoka Nairobi alikuja nyumbani kwetu, akasimama nje ya ua mpaka nikamkaribisha. Alikuwa ameruka na ndege ya kweli na uso wake ulikuwa umejaa habari hizo, lakini alianza na nyingine. "Unajua walitufunza nini siku ya kwanza?" akaniuliza. "Kabla ya kuwasha injini, kwa ile karatasi ya ukaguzi. Weka trimu ya mkia upande unaotakiwa. Ni sheria. Ukisahau, Kapteni mwenyewe anakuteremsha." Akatazama chini. "Nilitaka kumwambia. Nilitaka kumwambia na siku ile pia."

"Ungemwambia," nikasema.

"Ningemwambia," akakubali, na kwa kuwa hakutafuta maneno ya kujipamba nilimletea maji, tukaketi, akanieleza kila kitu: jinsi pedali za kweli zinavyotetemeka, jinsi harufu ya mafuta inavyoingia kooni, jinsi nyumba zinavyokuwa ndogo. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Nilikuwa namwonea wivu. Baadaye alienda kufanya kazi za ujenzi Meru, hakuwa rubani, na wala hakuna yeyote wa chumba kile aliyekuwa rubani. Watu hudhani nikisema hivyo jambo linakuwa dogo. Halikuwa dogo. Mimi sikukasirika kwa sababu nilikosa kuwa rubani. Nilikasirika kwa sababu nilijua kazi, na aliyejua kwamba naijua alinigeuza mtu wa chai kwa sentensi mbili, akaendelea kumenya ndizi.

Bashir alikuja Kinna mara moja, miaka mingi baadaye, nikiwa tayari nafundisha huko. Alikuwa amenenepa na anapumua kwa shida. Alikaa kibarazani kwangu, akala alichopewa, akauliza habari za mvua na bei ya nyanya. Nilimngoja. Nilimjazia kikombe mara ya pili ili nimpe nafasi. Aliondoka bila kuitaja siku ile, akanipungia mkono kutoka kwenye gari, na nikabaki na kikombe chake mkononi, nina hasira ile ile ya msichana.

Hayo ndiyo niliyoingia nayo kwa Mama Sahra siku ya tanzia, pamoja na maneno ya mtu wa ndevu za hina yakiwa bado moto masikioni. Alikuwa ameketi kwenye godoro, amezungukwa na kina mama, amekuwa mdogo sana, macho hayaoni vizuri. Nikamsalimu, nikampa pole, akanitambua kwa sauti. Akanishika mkono asiuachie.

"Alikuwa anakutaja," akasema.

"Akisema nini, mama?"

"Kwamba wewe ndio ulikuwa bora. Kuliko wote. Kuliko yeye."

"Alimwambia nani?"

"Alikuwa ananiambia mimi."

Nilijua nilipo. Nilijua ni mama aliyemzika mwanawe juzi. Nikasema hata hivyo, "Angewaambia wao."

Mwanamke mmoja akaguna. Mwingine akaacha kuhesabu tasbihi. Mkono wangu ulikuwa bado ndani ya wa Mama Sahra, na nilidhani nimemuumiza na nikaanza kujiandaa kuomba radhi ambayo sikuwa nayo moyoni.

"Kweli," akasema. "Angewaambia wao. Nilikuwa jikoni, nilisikia. Na mimi pia nilinyamaza." Kisha akainua sauti, sauti ile ile iliyokuwa ikivuka pazia kuita maziwa, wakamsikia mpaka waliokuwa nje mlangoni. "Huyu msichana ndiye alikuwa mrushaji bora wa chumba cha Bashir. Wageni walikuja kumtafuta mtu kama yeye, na mwanangu akasema huyu ni wa kusaidia chai. Alikosa."

"Mama," yule aliyeguna akamwambia polepole, "maiti anatajwa kwa mema."

"Nataja jema," Mama Sahra akasema. "La huyu."

Akanivuta karibu, nikaketi pale kwenye ukingo wa godoro. Halafu akawatajia jina langu, na la baba yangu, na la babu yangu, Nuria Halake Guyo, akalirudia mara ya pili polepole, ili asitokee mtu wa kukosea ni nani.